Tupeane uzoefu: mlioshusha gari za zamani huku Nyanda za Juu Kusini, springi mlizifanyaje?

DX ya Forest:
Wakuu habari za jioni. Nina Corolla DX, ile KE70, nimeirithi kwa baba mdogo. Bodi imenyooka, injini ni ileile 4K, rangi nimeshapiga, kilichobaki ni mkao wake tu maana kwa nyuma imenyanyua mkia sana na tairi inaonekana ndogo ndani ya fenda. Nataka ishuke kama inchi moja na nusu, sio ile ya kulala mpaka chini, hapana.

Shida hapa Mbeya fundi ukimwambia kushusha anakuangalia mara mbili. Wao kazi yao ni kuinua, Toyota IST ikitoka bandarini tu inakimbizwa kuwekewa spesa, vile vipande vya kuinulia gari. Na siwalaumu, barabara tunazijua, pale unapoacha Uyole kuitafuta Inyala malori ya Zambia na Kongo yameshachimba mabonde kwenye lami, katikati pamebaki kigongo, gari fupi lazima uendeshe ukiwa umekanyaga kigongo na tairi moja. Bado vumbi na michepuko ya ujenzi wa njia nne. Lakini naziona gari za zamani zilizoshushwa zinapita Soweto na Kabwe na zinaishi, kwahiyo mnajua mnachofanya. Leteni: gari gani, ulishusha kwa njia gani, sa hivi inatembeaje.

Bajaji Mwanjelwa:
Kushusha gari Mbeya hii hii yenye matuta kila kijiji? Mzee baba shusha ila chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, weka bati la kufulia nguo kabisa 😂

Fundi Uyole:
Mkuu umeuliza mapema, wengi huwa nawapata wameshaharibu. Kitu cha kwanza, mtu akikuletea mtungi wa gesi aipashe springi moto mpaka ikae, mfukuze. Springi ile chuma chake kimepikwa kiwandani kwa joto la kupimwa, ukikipasha kikawa chekundu pale kwenye moto kinalegea, leo itashuka inchi mbili unafurahi, baada ya muda upande mmoja umekaa chini kuliko mwingine, au inakatika kabisa ukiwa kwenye mteremko wa Kitonga.

Kukata kwa grenda huku unamwagia maji ni afadhali, ila nako kuna hesabu yake. Springi ikiwa na mizunguko 8 inayofanya kazi ukakata mmoja zikabaki 7, ugumu unapanda kama asilimia 14. Ndo maana gari iliyokatwa springi inadunda. Halafu shokapu imebaki ya urefu uleule, nafasi ya kwenda chini imepungua, inagonga mwisho wake, baada ya hapo mafuta yanavuja na mwenye gari anasema shokapu za siku hizi feki. Na jaribio langu ni moja, ukishakata inua gari kwa jeki tairi ininginie, kama springi inacheza kwenye kikombe chake hiyo gari usiitembeze, siku ukiruka tuta springi inahama sehemu yake.

Shokapu fupi, raba ya kugongea ipunguzwe kidogo isitolewe, halafu alaimenti, yaani kupanga tairi zikae sawa. Alaimenti sio hiari.

Mzee wa 504, Iringa:
Vijana kamwene. Mimi nina Peugeot 504 saluni hapa Kihesa na siishushi, nawaambia mapema msinichukie. Hii gari ilishinda Safari Rally 1975 akiwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, na kaka yake 404 alishinda 1966 na 1967 akiendesha Bert Shankland ambaye alikuwa mtu wa hapahapa Tanzania. Zilishinda kwa sababu springi zake ni laini na zina safari ndefu, tairi inashuka shimoni bodi haina habari. Sasa kijana anaenda kuifupisha ili ipendeze kwenye sherehe.

Nimeinunua kwa mtu aliyekuwa ameikata nyuma. 504 saluni yangu nyuma kila tairi na mkono wake, sio ekseli nzima iliyounganisha tairi zote mbili, ukishusha tairi zinajikunja juu zinaingia ndani. Tairi zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, nje bado mpya kabisa, ukizitazama gari imesimama huwezi kujua. Nilipakia familia kupandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini, kila kona unasikia nyuma inagonga. Nimezunguka sana kutafuta springi zake za asili, nimekuja kuzitoa kwenye gari bovu lililokuwa limekaa juu ya mawe uani kwa mtu. Sasa hivi inatembea kama mtumbwi kwenye maji tulivu. Niacheni na uzee wangu.

DX ya Forest:
Shikamoo mzee wangu, hapo kwa 504 nakubali kabisa. Ila DX nyuma ni ekseli nzima.

Mzee wa 504, Iringa:
Marahaba mwanangu. Haya ekseli nzima, utatuambia.

Volks Tukuyu:
Mimi langu ni refu mnivumilie. Nina Volkswagen Beetle, na Volks haina springi ya kukata, hapo ndo mafundi wengi wanapokwama. Nyuma kuna chuma kirefu kimelala ndani ya bomba, mafundi wanakiita toshenba, kinajisokota gari inapobonyea. Kina meno ncha zote mbili, ya ndani 40 na ya nje 44. Ukisogeza jino moja la ndani ni nyuzi 9, jino moja la nje ni nyuzi 8 na dakika 10, kwahiyo ukirudisha moja huku ukapeleka moja kule unapata tofauti ya dakika 50 tu. Yani wale Wajerumani walikuachia uwezo wa kupanga urefu wa gari taratibu kabisa bila kununua kitu chochote. Jino moja la nje peke yake linashusha kama inchi mbili, mimi nilitaka chini ya hapo kwahiyo nikacheza na yote mawili.

Kazi yenyewe ni ya hatari sio utani. Ule mkono wa bati umekaa juu ya ukingo wa chuma ukiwa umesokotwa, ukiutoa kwenye ukingo unashuka kwa nguvu kubwa, kidole kikiwepo hapo hakirudi. Tuliuzuia kwa jeki na mnyororo, tukaushusha polepole. Kabla ya kutoa chochote fundi alichora mstari wa chaki kwenye bodi na kwenye mkono, akapima pembe pande zote mbili kwa kile kipimo cha seremala cha maji, pande zikitofautiana kidogo tu gari inasimama imeinamisha bega.

Sasa shida inakuja kwenye tairi. Volks nyingi za zamani ekseli zake za nyuma zinakunjika kwenye giaboksi tu, huku nje hakuna kiungo kingine, kwahiyo ukishusha tairi zinatanua miguu chini na kuingia ndani juu. Kidogo ni nzuri, inashika kona vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani, maana ile ya juu ndo ilikuwa na tabia ya tairi kujikunja chini ya gari ukiingia kona kwa mwendo. Ukizidisha, tairi zinaisha upande mmoja kama za mzee.

Mbele tulichomelea vile vifaa vya kurekebishia urefu kwenye yale mabomba mawili ya mbele, fundi wa kuchomelea awe anajua maana ndani kuna mabati yamepangana. Tulipomaliza mbele ikawa chini kuliko nyuma, nikaenda Kyela, kule chini ukishaanza kunyooka unatembea kasi, stelingi ikawa nyepesi sana inatangatanga. Kumbe ukishusha mbele zaidi ile pembe inayofanya stelingi irudi yenyewe inapungua. Dawa ni vipande vyembamba vya chuma nyuma ya bomba la chini pale linapofungwa kwenye chesisi, sasa imetulia. Mvua za huku mnazijua, maji yanasimama barabarani, gari ya stelingi inayotangatanga hutaki kuwa nayo.

Dada Benz:
Volks ndaga kwa somo, nimesoma mara mbili.
Mimi ni Mercedes W123, 230E, niko Njombe. Sikukata chochote. Wengi hawajui juu ya springi kuna raba nene ya duara, na ile raba ina vinundu pembeni, unavihesabu kwa kidole hata bila kuitoa. Nundu moja ni ile nyembamba milimita 8, mbili ni 13, tatu 18, nne 23. Yangu ilikuwa na nne nyuma, nadhani ilikuwa gari ya kubeba mizigo mikubwa huko ilikotoka. Nikaweka zenye nundu moja nyuma, mbele nikashuka hatua moja tu. Kwenye tairi tofauti inakuwa kubwa kidogo kuliko kwenye raba kwa sababu springi imekaa ndani zaidi kuliko tairi. Ukitazama kwa mbali unasema hii gari imefanywa nini mbona imependeza, lakini starehe yake ileile.

Tahadhari, springi ya mbele ya W123 usiitoe kwa kamba na waya. Inataka kile kibanio chake kinachoingia ndani ya springi. Kuna gereji moja, siitaji, walitaka kuifungua kwa jeki tu nikawaambia nipeni ufunguo wangu.

Fundi Uyole:
@Dada Benz umenifurahisha, ningepata wateja kama wewe ningeshajenga.

Mbao Mafinga:
Mimi Datsun 1200 pikapu. Nyuma springi za mabati, kushusha ni kuweka kipande kati ya springi na ekseli na yubolti, zile bolti zenye umbo la U, ndefu zaidi. Rahisi, bei chee, ugumu wa springi haubadiliki.

Sasa sikilizeni. Nilipoinunua tayari ilikuwa imeshushwa, nikasifia. Kila nikipakia nyuma inapiga kelele ka-ka, nakaza yubolti, wiki inayofuata zimelegea. Siku tumeifungua tunakuta kile kipande ni MTI. Mtu amechonga mbao ngumu nzuri kabisa, kona zimepigwa msasa. Mafinga bwana, mbao tunaweka popote. Mti unabonyea ukibanwa, yubolti inalegea, ekseli inatembea kidogo kidogo mpaka ile pini ya katikati ya springi inakatika, na ikikatika ekseli inageuka upande. Nikachongesha vya chuma, vyenye tundu la pini chini na pini yake juu, inchi mbili. Kipande kimoja tu kila upande, usipange viwili.

Ila mzigo nimepunguza. Gunia za viazi nikipakia kama zamani ekseli inagonga chesisi.

Fundi Uyole:
Hapo kwenye pikapu niongeze kitu. Gari nyingi za mzigo, Hilux za zamani kwa mfano, nyuma kuna valvu ya breki yenye kijiti kimefungwa kwenye ekseli. Inasoma mzigo, bodi ikishuka inajua umepakia, inaruhusu breki nyingi nyuma. Ukishusha gari bila kurekebisha kile kijiti, valvu inadhani umebeba tani muda wote, ukikanyaga breki kwenye lami yenye maji tairi za nyuma zinafunga kabla ya mbele, mkia unakupita. Nimeiona kwa mteja, gari nzima imeshughulikiwa vizuri kasoro hapo tu.

Vwawa Cresta:
Mimi sina ufundi nina kituko tu. Cresta ya zamani, nyuma imeshuka kidogo. Natoka Tunduma, nikasimamishwa, trafiki anazunguka nyuma anatikisa kichwa, fungua buti. Nafungua, kuna spea na jeki. Anarudi kuangalia tairi, anaangalia buti, toa kapeti. Akaanza kugonga milango. Nikamwambia afande ni springi tu, akasema kwa hiyo umeamua mwenyewe gari ionekane imebeba magendo? Akacheka akaniachia.

Bajaji Mwanjelwa:
😂😂 afande kaongea point

KE70 Makambako:
Mkuu DX nimekuja kwa ajili yako. Ninayo kama yako, saluni, nyuma koili springi na ekseli nzima. Nilishusha inchi mbili kwa springi fupi za kununua, mbele na nyuma. Nikasimama nyuma ya gari nikaona tairi ya upande mmoja imeingia ndani, ya upande wa pili imetoka inataka kugusa fenda. Mawazo yote yakaenda kwenye ekseli kupinda.

Kumbe ekseli haijapinda. Ni ile fimbo ya kulala inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli kuizuia isicheze kushoto kulia. Gari ikiwa juu ile fimbo imeinama, gari ikishuka inalala sawa, ikilala urefu wake wa upande kwa upande unaongezeka, inaisukuma ekseli nzima upande mmoja. Kwa inchi moja na nusu utaona kidogo, ukiweka rimu pana utaona sana. Dawa: kata fimbo katikati, weka nati ndefu yenye uzi pande mbili na nati za kufungia, unaivuta mpaka tairi zinakaa sawa. Achomelee mtu anayejua, na kile kiungio kiwe na nyama ya kutosha.

Mbele kagua mikono ya chini. Ikishakuwa imepanda kuelekea kwenye tairi badala ya kulala sawa, gari inalala zaidi kwenye kona hata kama springi ni ngumu, na ukipiga shimo stelingi inavuta yenyewe. Inchi moja na nusu hufiki huko, ukienda tatu utafika.

DX ya Forest:
Aisee. Hiyo ya fimbo hakuna fundi aliyenitajia hata mmoja. Kwahiyo naenda na springi fupi, shokapu fupi, fimbo ya kurekebisha, alaimenti. Kukata nimeachana nako. @Fundi Uyole nikija unapima urefu gani, chini ya sampo au?

Fundi Uyole:
Napima kutoka katikati ya rimu kwenda juu kwenye ukingo wa fenda, pembe zote nne, kabla na baada, unaandika kwenye karatasi. Chini kwenye sampo napima pia ila hiyo ni ya kujua utapita wapi. Njoo na tenki limejaa, upepo wa tairi sawa, toa makorokoro yote kwenye buti, na wewe ukae kwenye kiti cha dereva wakati napima. Springi mpya usikaze bushi za mikono gari ikiwa juu ya jeki, tunazikaza ikiwa imesimama kwa tairi zake, la sivyo raba zinakaa zimesokotwa na zinapasuka mapema. Uzito wako kilo ngapi?

DX ya Forest:
Themanini na kitu mkuu 😅

Fundi Uyole:
Basi upande wa kulia usishangae ukiona tofauti.