Sera za maandishi katika kamati ya msikiti: tuanzie wapi?

Katibu wa kamati, Mbale
Assalamu alaikum. Vikao vya kamati yetu huendelea hadi usiku kwa sababu kila jambo, kubwa kwa dogo, huletwa mezani. Hivi karibuni kipaza sauti kiliharibika Alhamisi alasiri, na kwa kuwa imamu haruhusiwi kutumia hata shilingi bila azimio la kikao, alitoa khutba ya Ijumaa kwa sauti yake tu, na waliokaa uani hawakusikia lolote. Baadhi yetu tumependekeza sera za maandishi, lakini wazee wanahofia kwamba zitamfunga imamu mikono au, kinyume chake, zitamwachia hazina. Tuanzie wapi, na ni nini kisichopaswa kuandikwa?

Mjumbe, Jinja
Waalaikumu salaam. Anzeni na makatazo. Mmarekani John Carver, ambaye utaratibu wake wa uongozi wa bodi umetumiwa na mashirika mengi, makanisa yakiwemo, anataka bodi iandike matokeo inayoyatarajia, kisha iandike yale ambayo mtendaji haruhusiwi kuyafanya hata kama yangemfikisha kwenye matokeo hayo. Njia nyingine zote anaachiwa yeye. Mkimwandikia orodha ya ruhusa, atarudi kwenu kila linapozuka jambo lisilokuwemo.

Sisi tuliandika hivi: imamu asitumie zaidi ya shilingi 300,000 kwa jambo moja bila idhini ya mwenyekiti na mhazini, asikope kwa jina la msikiti, wala asiguse fedha za zaka kwa matumizi mengine. Hilo la mwisho lilitugharimu mjadala mrefu, kwani wapo waliotaka zaka ijenge vyoo, ilhali aya ya 60 ya Sura ya Tawba inataja makundi manane ya wapokeaji na wanazuoni wengi hawaingizi ujenzi humo. Sasa zaka, sadaka na ujenzi kila kimoja kina kitabu chake cha risiti. Tuliongeza pia kwamba mjumbe mmoja mmoja hana amri juu ya imamu, kwa sababu baadhi yetu tulizoea kumpa maagizo popote tulipokutana naye, hata sokoni.

Wakili, Kampala
Someni kwanza katiba ya msikiti na hati ya wadhamini. Kwa sheria ya Uganda, wadhamini waliosajiliwa huwa chombo cha kisheria chenye lakiri yake, yaani mhuri wake rasmi, kinachoweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa, na ambacho hakifi kwa kufariki mdhamini mmoja. Ikiwa kiwanja kiko kwa jina lao, kamati haiwezi kukigawa wala kukikodisha kwa sera yake yenyewe. Na ikiwa kiliwekwa wakfu, sharti la aliyekiweka linatangulia matakwa yenu. Sera inayopingana na katiba haina nguvu, hata ikipigiwa kura na wote.

Mzee, Arua
Sipingi, ila nimeona sera nzuri ikipitishwa kwa takbira kisha ikafungiwa kabatini na funguo zikapotea. Kila sera itaje ni lini taarifa italetwa na nani ataisoma. Yaliyomo ndani ya khutba na masuala ya fikihi msiyaandikie sera. Hayo aulizwe mwenye elimu.

Katibu wa kamati, Mbale
Ahsanteni sana, nitawasilisha makatazo kwanza. Limebaki moja linalonipa shida: mhazini wetu ni shemeji yake imamu, na hakuna anayetaka kulisema kikaoni.

Mjumbe, Jinja
Hakuna haja ya kumtaja mtu. Andikeni kwamba mchango wa Ijumaa unahesabiwa palepale msikitini, mara baada ya swala, na waumini wawili wasio na undugu na imamu wala na mhazini, nao watie saini kabla fedha hazijamfikia mhazini. Kwetu sharti hilo linamhusu kila atakayeshika cheo hicho, na mhazini tuliyenaye ndiye aliyeomba liandikwe.