Mitego ya bluu kwa mbung'o na nzi wang'atao: inasaidia kweli?

Zizi la Pwani
Wakuu, habari za mchana. Nafuga ng'ombe chotara wa maziwa Pangani, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Saadani. Nzi wananimaliza. Wakati wa kukamua ng'ombe hawatulii, wanapiga miguu mpaka ndoo inamwagika, na wengine wameshachomwa sindano za nagana, ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Dawa ni ghali na baada ya muda tunarudi palepale. Nasikia kuna mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi. Inafanya kazi? Inategwa wapi? Naomba ushauri kwa waliowahi kutumia.

Bwana Mifugo Mstaafu
Pole sana mkuu. Kabla hujanunua kitambaa, kamata hao nzi uwatazame. Mbung'o (ndorobo) akitua, mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine mgongoni, na mrija wa kunyonyea damu umechomoza mbele ya kichwa. Pange ni mkubwa, macho yanang'aa, akiuma damu inachuruzika. Kuna na yule anayefanana na nzi wa nyumbani ila ana mrija mgumu, anang'ang'ania miguu. Huyo ndiye anayekumwagia maziwa. Kwa maelezo yako, una mbung'o malishoni na huyu wa miguu zizini.

Mbung'o jike hatagi mayai. Anazaa buu mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10 hivi, kwa hiyo ukimpunguza kidogo kila siku hawezi kuziba pengo. Ndiyo maana mtego unamweza. Nzi wa zizini anataga mamia ya mayai kwenye samadi iliyochanganyika na mkojo na mabaki ya majani. Ukimtega huku samadi imelala pale, unateka maji kwa pakacha.

Fundi Neti
Nashona mitego hii. Tafuta mtego unaoitwa Nzi, aliobuni Steve Mihok akiwa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Kenya, miaka ya 1990. Unakamata mbung'o, pange na hao wa zizini. Bluu inamvuta nzi, anaingia kutua kwenye cheusi, akitaka kutoka anafuata mwanga kwenye neti nyeupe hadi chupani juu. Humo jua linammaliza.

Kitambaa kiwe cha pamba, bluu iliyo hai. Ile ya sare za shule iliyokolea hadi kukaribia weusi achana nayo. Ikipauka, badilisha.

Tega pembezoni mwa kichaka na kwenye njia ya kunyweshea, penye mwanga, mdomo ukiangalia uwazi. Fyeka nyasi mbele yake. Nguzo ipake grisi, la sivyo sisimizi watapanda kula nzi chupani, nawe utadhani mtego haukamati kitu. Pembeni weka mkojo wa ng'ombe uliokaa wiki kadhaa, chupa iwe wazi, na asetoni (kimiminika kinachotumika kufutia rangi ya kucha) kwenye chupa ya kifuniko chenye tundu dogo. Wamasai wa Nguruman, Kenya, walitega kwa harufu hizo miaka ya 1980 na mbung'o wakapungua sana.

Mama Ndama
Fundi yuko sahihi, ila harufu hizo haziwavuti wale mbung'o wadogo wa vichaka vizito vya pwani. Ndio hao waliokuwa Unguja, na walitokomezwa miaka ya 1990 kwa madume tasa yaliyozalishwa Tanga (majike yakipandwa nayo hayazai), baada ya kupunguzwa kwanza kwa viuatilifu. Nenda Tanga kwa watafiti wa mbung'o wakutambulie wako.

Halafu mkuu, hapo ulipo mbung'o wageni wataingia kila siku kutoka hifadhini. Ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, hapo hapo Saadani, ilifungwa mwaka 2000, na nagana ilichangia sana. Mitego ya boma moja haitoshi, washirikishe majirani. Na ng'ombe wapakwe dawa ya kuua wadudu ya deltamethrini miguuni na tumboni, maana mbung'o wengi hutua huko, na dawa inatumika kidogo.

Zizi la Pwani
Asanteni sana. Samadi kweli imerundikana nyuma ya banda, kesho vijana wanaihamishia shambani. Swali moja: ng'ombe hawataiharibu mitego?

Fundi Neti
Wataiharibu. Watajikuna kwenye nguzo mpaka ianguke. Zungushia matawi ya miiba, yawe mafupi yasizibe bluu.