Makala za magazeti kwenye kipindi cha hesabu: nitoke vipi kwenye asilimia?

ChakiNyeupe anauliza:

Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha hesabu sekondari, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na muhula huu nimejitwisha jambo ambalo nusu nalifurahia, nusu linanitoa jasho.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, naingia darasani na makala ya gazeti badala ya kitabu. Nia si kuwapa mahesabu mapya. Nataka wajiulize: huyu mwandishi amejuaje? Na namba ikishaingia kwenye habari, inaiongezea ukweli au inaivalisha suti tu?

Ijumaa ya kwanza nilileta makala moja fupi iliyosema ajali zilipanda kwa asilimia 20 mwaka juzi, mwaka jana zikapungua kwa asilimia 20, "hivyo tumerudi tulipokuwa." Darasa lilimkamata mwandishi ndani ya dakika nne. Anza na 100, panda hadi 120, toa asilimia 20 ya 120, unabaki na 96. Vicheko, makofi, wakafunga madaftari. Nikabaki nimesimama na chaki mkononi na nusu saa nzima ya kujaza.

Ijumaa ya pili, makala nyingine, yaleyale. Ya tatu nikaleta makala ambayo mahesabu yake yamenyooka kabisa, nione watafanyaje. Wakayakagua, wakakuta hayana kosa, mmoja akaniambia, "Hii ni ya kweli, Mwalimu." Basi, wamemaliza.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nimefuga polisi wa asilimia. Makala yenye kosa wanaicheka, isiyo na kosa wanaiamini yote. Nadhani nimewaharibu kuliko nilivyowakuta.

Kwa hiyo naomba msaada: mnatumia makala za namna gani, na swali lenu la kwanza darasani huwa lipi? Msinitumie mipango ya somo ya kurasa tano, tafadhali. Niambieni kilichotokea kwenu.

MzeeWaTakwimu anajibu:

Mwalimu, pole, ila umeshafika mbali kuliko unavyodhani. Tatizo ni kwamba makala zako zina jibu ndani yake. Tafuta ambayo namba yake ni sahihi na bado inapotosha.

Mimi huanza na habari ya vidonge vya uzazi wa mpango Uingereza, Oktoba 1995. Wataalamu wa usalama wa dawa walitoa onyo kwamba aina fulani mpya ya vidonge inaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Magazeti yakaibeba hivyohivyo: hatari imepanda kwa asilimia 100. Hakuna aliyedanganya. Wanawake wengi wakaacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa kama 13,000.

Darasani nasoma kichwa cha habari tu, halafu nauliza swali moja: mara mbili ya nini? Nawaacha wahangaike. Mwishowe naandika ubaoni: kutoka mtu 1 kati ya 7,000 hadi watu 2 kati ya 7,000. Ni namba ileile. Ukisema "asilimia 100" watu wanakimbia, ukisema "mmoja zaidi kati ya elfu saba" wanakuuliza kuna nini kingine leo.

Kisha nawataka waandike vichwa viwili vya habari, kimoja cha kutisha na kimoja cha kutuliza, vyote vya kweli. Hapo kelele huanza, maana wanagundua kuwa kuchagua namba ya kusema nako ni kusema jambo.

KipeuoChaPili anajibu:

Samahani wakuu, mimi nitakuwa mchungu kidogo. Haya yote ni mazuri kwa mwalimu wa uraia. Silabasi yangu haijafika nusu, vijana hawajui kutafuta kipeuo bila kubonyeza kikokotoo, na mtihani hautawauliza gazeti lilisema nini mwaka 1995. Hesabu ni kitu pekee shuleni ambacho hakitegemei maoni ya mtu. Mnakichafua cha nini?

ChakiNyeupe:

Mkuu, sikatai habari ya silabasi, mimi mwenyewe nimechelewa na mada mbili. Ila hiyo sentensi yako ya "hakitegemei maoni ya mtu" ndiyo ninayotaka vijana waichunguze. Usiondoke kwenye uzi.

MamaUwezekano anajibu:

Jaribu kesi ya Sally Clark. Naitumia mwaka wa sita sasa na haijawahi kuniangusha, ingawa nakuonya mapema: ni habari ya watoto waliokufa, na kama una mwanafunzi mwenye msiba nyumbani, iache.

Kwa ufupi. Uingereza, mama mmoja alipoteza watoto wawili wachanga, kila mmoja kwa wakati wake, akashitakiwa kwamba amewaua. Mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mahakamani daktari bingwa wa watoto alieleza kwamba katika familia kama ile, yenye kipato, isiyo na mvuta sigara, mama akiwa na zaidi ya miaka 26, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga hutokea mara 1 kati ya 8,543. Kwa watoto wawili, zidisha: 1 kati ya milioni 73. Magazeti yakaishika hiyo milioni 73 na hayakuiachia.

Sasa fanya hivi. Usiwape kisa chote. Wape ile 1 kati ya 8,543 na waambie watafute ya wawili. Watazidisha wote, watapata 72,982,849, wataridhika. Kuzidisha kwao kuko sahihi. Acha waridhike vizuri, usiwaokoe mapema.

Ndipo uwaulize wamezidisha kwa ruhusa ya nani. Kanuni ya kuzidisha inafanya kazi kwa matukio yasiyotegemeana, kama kurusha sarafu mara mbili. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, nyumba moja, damu moja: nani amethibitisha kwamba kifo cha wa kwanza hakina uhusiano na cha wa pili? Mwaka 2001 Royal Statistical Society, chama cha wanatakwimu cha Uingereza, ilitoa tamko la wazi kwamba hesabu ile haikuwa na msingi wa kitakwimu.

Kosa la pili limejificha zaidi na mimi hulitengea kipindi chake. Watu walisikia "1 kati ya milioni 73" wakaelewa kwamba huo ndio uwezekano wa mama yule kuwa hana hatia. Si kitu kimoja. Mtu fulani kushinda bahati nasibu kubwa ni jambo la nadra mno, lakini akishashinda hatusemi lazima ameiba. Unatakiwa ulinganishe nadra mbili: vifo viwili vya kawaida ni nadra, na mama kuua watoto wake wawili ni nadra vilevile. Ipi ni nadra zaidi? Namba ile haikugusa swali hilo hata kidogo.

Alitoka gerezani Januari 2003, kwenye rufaa ya pili. Hapa uwe mkweli kwa wanafunzi, maana watataka hesabu iwe shujaa wa hadithi. Kilichobeba rufaa hasa ni matokeo ya vipimo vya maabara ambayo upande wa utetezi haukuwa umeonyeshwa. Majaji waliikosoa ile namba pia, lakini haikuwa yenyewe iliyofungua mlango.

Pembenne anajibu:

Mimi nimkamate KipeuoChaPili kwa kamba yake mwenyewe. Tuache takwimu, twende kwenye hesabu tupu, ile isiyo na maoni.

Tarehe 23 Juni 1993, Cambridge, mwanahisabati Andrew Wiles alimaliza mihadhara yake mitatu kwa kutangaza kwamba amethibitisha dai la Mfaransa Fermat, lile la mwaka 1637 hivi: huwezi kupata namba nzima chanya ambazo aⁿ + bⁿ = cⁿ ikiwa n ni namba nzima iliyo zaidi ya 2. Kesho yake magazeti ya dunia yakaandika kitendawili kimeteguliwa. Miezi michache baadaye wakaguzi wakakuta pengo ndani ya uthibitisho. Wiles akahangaika nalo mwaka mzima, akamwita mwanafunzi wake wa zamani, Richard Taylor, na Septemba 1994 likazibwa. Kazi ikachapishwa 1995.

Swali ninalowapa: gazeti la tarehe 24 Juni 1993 lilisema kweli au uongo?

Wengine watasema kweli, kwa sababu dai lenyewe lilikuwa la kweli siku ile, na siku ya Fermat, na kabla hajazaliwa. Wengine watasema uongo, uthibitisho ulikuwa na tundu. Kuna binti mmoja mwaka juzi alisema, "Ilikuwa kweli ila hakuna aliyekuwa anaijua, hata yeye aliyekuwa anaisema." Sikuongeza neno.

Halafu wabane zaidi: wangapi duniani wameusoma uthibitisho ule wakauelewa? Sisi wengine tunaujuaje? Tunaujua kwa kuwaamini waliousoma, kama tunavyomwamini mwandishi wa habari. Mkuu Kipeuo, karibu.

KipeuoChaPili:

Dai lilikuwa kweli, uthibitisho ulikuwa na pengo, na hesabu ndiyo iliyolikuta pengo, si gazeti. Narudi kwenye vipeuo vyangu. Ila hiyo ya kuzidisha bila ruhusa nimeichukua, kwa sababu iko kwenye silabasi.

ChakiNyeupe anarudi, wiki mbili baadaye:

Nimerudi na ripoti. MzeeWaTakwimu, vichwa viwili vya habari vilinipa kipindi kizima, na kijana wangu mmoja akaniuliza kama mimi nami huwa nachagua namba ninapowasomea matokeo yao ya mtihani. Nilikohoa.

Ya MamaUwezekano niliifanya Ijumaa iliyopita, baada ya kuzungumza kwanza na mwalimu wa malezi. Niliiandika upya kwa mtindo wa gazeti, nusu ukurasa, bila jina wala nchi. Nikaikata pale kwenye 1 kati ya 8,543. Vikokotoo vikatoka, na 72,982,849 ikasomwa kwa sauti kutoka pande tatu za darasa kwa pamoja. Mmoja akasema, "Basi amewaua." Hakuna aliyempinga.

Nikanyamaza. Ni vigumu kunyamaza, mtaniambia. Nadhani ilipita dakika nzima, kisha kijana wa nyuma dirishani, ambaye daftari lake la hesabu huwa ni michoro ya pikipiki, akauliza bila kunyanyua mkono: "Mwalimu, nani ametuambia tuzidishe?"

Wenzake walimcheka. Akaendelea, "Mimi na kaka yangu wote tuna pumu. Si bahati." Kicheko kikaisha. Kengele ilipolia walikuwa bado wanabishana, na yule aliyesema "basi amewaua" alikuwa anarudia hesabu yake kwenye karatasi, anatafuta kosa la kuzidisha ambalo halikuwepo.

KipeuoChaPili, hili ni lako. Jumatatu tulirudi kwenye kitabu, swali la uwezekano la kawaida kabisa: mashine mbili za kiwanda, kila moja ina uwezekano kadhaa wa kuharibika, tafuta uwezekano wa zote mbili kuharibika siku moja. Mikono miwili ikanyanyuka kabla hata sijageuka ubaoni. Wanataka kujua kama mashine zinatumia umeme mmoja. Kitabu hakijasema, ikabidi niongeze sentensi kwenye swali kwa chaki.

Pembenne, Ijumaa hii ni Fermat. Ukiwa na nakala ya habari ya Juni 1993 inayosomeka, nitumie.