Tupeane uzoefu: mbwa watatu ndani ya geti moja

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Ninaishi Njiro, Arusha, na ninafuga Simba, dume wa miaka 9, Jeki, dume wa miaka 2, na Popi, jike mdogo. Kwa miezi kadhaa niliwawekea ugali wa dona na dagaa katika sufuria moja, nikiamini kwamba waliozoeana hawatagombania chakula. Simba alikuwa akiacha kutafuna ghafla, anakakamaza shingo na kumtazama Jeki kwa pembe ya jicho bila hata kunguruma, nami nikadhani ameshiba. Kumbe lile ndilo lilikuwa onyo. Siku waliporukiana niliingiza mkono katikati, nikang'atwa kiganjani, na mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyening'ata. Nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, kisha nikaenda hospitali ijapokuwa wote wamechanjwa kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo si wa kubahatisha.

Tangu hapo kila mmoja ana bakuli lake. Simba hula chakula chake nyuma ya jiko, mlango ukiwa umefungwa, na mabakuli huondolewa kabla hawajakutana tena. Uliobaki ni ugomvi wa getini: bodaboda ikipita wanaibwekea wote, na wasipoifikia wanageukiana. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji wa Rau, Moshi: Pole sana, mkuu. Kabla ya geti, mchunguze huyo mzee. Wangu alianza kumng'ata mtoto wa mbwa aliyependa kumrukia mgongoni, nasi tukamwita mkorofi, hadi daktari wa mifugo alipomkunja mguu wa nyuma akalia kwa maumivu ya viungo. Sasa analala peke yake juu ya mbao na magunia, hasa baridi ya Julai inapoanza, na yule mdogo anachoshwa kwa matembezi ya asubuhi. Tafadhali usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni, kwa mfano, ni sumu kwa mbwa.

Mchangiaji wa Ngaramtoni: Popi amefungwa kizazi? Ninauliza kwa sababu madume yangu mawili, ndugu wa tumbo moja, yalikuwa yakielewana hadi jike wetu anapoingia joto, yaani anapohitaji dume, jambo linalotokea takribani mara mbili kwa mwaka na kuchukua kama wiki tatu. Niliyahasi yote mawili, lakini ugomvi haukuzimika siku ileile, hivyo bado namtenga jike kwenye banda lenye mlango imara. Ndoo ya maji ya kuwamwagia wakirukiana iko tayari barazani, maana mkono wangu siupeleki tena.

Mchangiaji wa Majengo, Moshi: Geti la nondo ndilo tatizo. Nililiziba kwa bati kutoka chini hadi usawa wa kiuno, wakawa hawaioni barabara. Wanabweka bado, ila hawaparuani.

Mwanzisha mada: Asanteni. Popi hajafungwa kizazi, na sasa naelewa kwa nini mwezi uliopita ulikuwa mgumu kuliko mingine. Simba nampeleka kwa daktari Jumamosi. Geti nimelipima jioni hii, linahitaji bati mbili. Nilipoinama kushika futi Jeki alikuja kunilamba sikio, na Simba, aliyekuwa amelala mbali, akaacha kutikisa mkia. Nilisimama, nikamwita Jeki tukaondoka naye taratibu.