Mama hayupo, au kaya imehama: ziara za nyumbani tunazipangaje?

Mhudumu_Mbagala: Wakuu, habari za kazi. Mtaa ninaotembelea kama mhudumu wa afya ni vyumba vya kupanga tu. Kaya zenye hali ngumu ndizo hazipatikani: ukibisha hodi saa nne asubuhi mama yuko kibaruani, mtoto kaachiwa jirani. Mwezi ujao unakuta mpangaji mwingine. Na mtoto akionekana kadhoofu, naanzia wapi?

Muuguzi_Temeke: Badili saa. Anayefua nguo za watu mchana utampata kuanzia saa kumi na moja jioni, au Jumapili. Chukua namba mbili, ya mama na ya mtu asiyehama, mwenye nyumba au bibi wa mtoto. Mjumbe wa shina mwombe akwambie mpangaji akihama. Kichanga ndiye hangoji ratiba: mtembelee saa 24 za mwanzo, siku ya 3, siku ya 7. Asiponyonya, akidegedeka, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, ni kituo cha afya saa hiyohiyo.

Lishe_Kwanza: Kuhusu kudhoofu, kwa miezi 6 hadi 59 tumia utepe wa rangi, ule wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu. Mkono wa kushoto, bila nguo. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama, kisha mkono unyooke na ulegee. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Wengi wanakosea kwenye kubana. Ngozi ikijikunja umebana mno, kipimo kinashuka. Utepe ukining'inia kinapanda, na mtoto mgonjwa anabaki nyumbani, hilo ndilo baya zaidi. Halafu bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, sekunde 3. Vishimo vikibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo, mpe rufaa ya kituo cha afya leo, hata utepe ukisoma kijani.

Ustawi_Kata: Rufaa bila nauli ni karatasi tu. Muulize mama atafikaje na nani atabaki na wengine, kisha piga simu baada ya siku 2. Usimwahidi fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wewe huandikishi. Mwelekeze serikali ya mtaa. Na usimhoji uani, wapangaji wote wanasikia. Ukiona alama za kipigo, nenda kwa afisa ustawi, au piga 116, ni bure.

Mhudumu_Mbagala: Asanteni sana. Na huyo jirani anayeachiwa mtoto?

Muuguzi_Temeke: Mwingize kwenye ziara, tena kwa heshima, maana ndiye anayeshinda naye. Mwoneshe kumwongelesha akimlisha, na kumpa vikombe vya plastiki apangepange. Muulize pia uji anaompa ni mzito kiasi gani. Ukimiminika kama maji, mtoto anashiba tumbo tu.