Santuri moja tu kutoka ng'ambo: Amyl, Osees au Snõõper?

Mpiga Kelele wa Sinza: Wakuu, habari za jioni. Shangazi yangu anarudi Dar mwezi ujao na kaniambia kabisa: santuri moja, si mbili, sanduku limejaa. Gramafoni ya marehemu babu inazunguka vizuri, sindano nimebadilisha. Nataka panki au roki ya gareji, ile roki ghafi isiyopakwa rangi, ya miaka hii. Zimebaki tatu: Cartoon Darkness ya Amyl and the Sniffers wa Melbourne, Australia (2024), SORCS 80 ya Osees (2024) na Super Snõõper ya Snõõper (2023). Nimezisikiliza zote kwenye simu mpaka bando likakata, na bado sijaamua.

Binti Temeke: Amyl, sina mjadala. Amy Taylor anaimba kama konda wa Gongo la Mboto anayekudai nauli mara ya pili na wewe ulishalipa. Tena wameirekodi Los Angeles, studio ya Foo Fighters, kwenye meza ileile ya kuchanganyia sauti iliyorekodi Nevermind ya Nirvana. Kwa santuri hilo si jambo dogo, besi utaisikia tumboni.

Fundi Redio: Dada, hapohapo ndipo ninapogoma. Sauti imesafishwa mno! Gareji inuke oili. Mimi niko na Snõõper wa Nashville. Mwimbaji wao, Blair Tramel, amewahi kufundisha shule ya msingi, na jukwaani wanatoka na vikaragosi vikubwa vya kujitengenezea. Gitaa linakwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga, ngoma zinakimbia, wimbo unakatika ndiyo kwanza umeanza kutikisa kichwa. Kwa sikio lililokulia Manzese kasi ile si ngeni, ingawa singeli inapita mapigo 200 kwa dakika na MC bado anapata nafasi ya kusalimia mtaa mzima.

Binti Temeke: Albamu yenyewe haifiki hata nusu saa. Shangazi abebe mzigo wote huo kwa dakika ishirini na kitu?

Fundi Redio: Unageuza upande, unaanza upya. Nani kakukataza?

Mtoto wa Kigamboni: Na Osees je? Ile albamu haina gitaa, kiongozi wao John Dwyer kaweka sampla (mashine ya kupiga vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na saksafoni. Naiheshimu, lakini kwangu ni supu ya pweza isiyo na pweza.

Mzee wa Magomeni: Vijana, mnahangaika mpaka Melbourne na Zambia iko mwisho wa reli ya TAZARA. Bendi ya huko, WITCH, walikuwa wanapiga gitaa la mkwaruzo miaka ya 70, huyo Amy wenu hajazaliwa. Mwaka 2023 wamerudi na albamu ya Zango, wameirekodi Lusaka, na mwimbaji wao wa tangu zamani, Jagari, bado anaimba. Sikilizeni hiyo kwanza, halafu mje mniambie gareji ni nini.

Mpiga Kelele wa Sinza: Shikamoo mzee. Nimeisikiliza jana usiku na umeniharibia hesabu zote. Ila hiyo naiweka zamu ijayo, maana nina jamaa anayekwenda Lusaka kila mara. Osees nimeitoa. Amyl nitabaki nayo kwenye simu, kule inasikika safi tayari. Nimeshamtumia shangazi jina, Snõõper, pamoja na viwimbi vyake viwili juu ya herufi. Kajibu: "Sawa mwanangu, lakini hiyo ni dawa ya nini?"