Nimeacha ngano miezi minne, kipimo cha siliaki kimetoka hasi. Niyaamini majibu?

NjiaPanda

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo nimechanganyikiwa kweli. Kama miaka mitatu hivi tumbo langu halina amani, linajaa mpaka nafungua kifungo cha nguo, siku nyingine naharisha siku nyingine choo hakipatikani kabisa, halafu uchovu ule wa kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Kinachoniumiza zaidi ni damu, kila nikipima iko chini, napewa vidonge vya madini ya chuma nameza miezi mitatu inapanda kidogo, nikiacha inashuka tena, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza hayo madini yanaishia wapi.

Sasa kuna dada nafanya nae kazi akaniambia hebu jaribu kuacha ngano. Nikaacha. Ndani ya wiki mbili tumbo likatulia, nikawa nalala vizuri, nikasema kumbe ndo hii! Nikakaa hivyo miezi minne ndo nikaenda hospitali ili nijue moja, daktari akaniandikia kipimo cha damu cha siliaki, ule ugonjwa ambao ukila ngano mwili unashambulia utumbo wake wenyewe, majibu yamerudi hasi. Kaniambia huna siliaki, punguza mawazo. Karatasi ina mstari mmoja tu, imeandikwa tTG-IgA na namba ndogo mno karibu na sifuri, basi.

Naomba kujua, niyaamini haya majibu? Na kama sina, mbona nikionja ngano kidogo tu naumwa siku mbili? Na mdogo wangu ana kisukari kile cha tangu utotoni cha kuchoma sindano, nimesoma mahali kwamba vinahusiana, ni kweli? Kusema ukweli sitaki kurudi kula ngano tena, naogopa.

maabara_kila_siku

Pole sana dada. Mi nafanya kazi maabara, sio daktari, ila hiki kipimo nakijua vizuri na nikisoma ulichoandika naona kabisa tatizo liko wapi. Kile kipimo hakitafuti ugonjwa wenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili wako unazitengeneza pale gluteni inapoingia. Gluteni ndo ile protini ya ngano, iko pia kwenye shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano). Kwa mwenye siliaki hao askari wanageuka wanashambulia utumbo wake mwenyewe. Sasa we umekaa miezi minne huli gluteni, mwili una sababu gani ya kuendelea kutengeneza askari? Ukitoa kuni moshi unakwisha, mtu akija miezi minne baadae akakuta hakuna moshi hawezi kusema hapakuwahi kuwa na moto.

Kwahiyo hayo majibu, kwa hali uliyopimwa nayo, hayathibitishi wala hayakanushi chochote. Ni kama hujapima.

Cha pili, na hiki watu wengi wanakiruka. Hiyo namba karibu na sifuri inanipa wasiwasi kidogo. Ile IgA ni aina ya kingamwili, na kuna watu wamezaliwa hawana kabisa au wanazo kidogo sana, na wanaishi bila kujua. Kwenye watu wa kawaida ni wachache mno, kama mmoja kwenye 500 au 600 hivi, lakini kwa wenye siliaki wanafika 2 au 3 kwenye kila 100. Mtu wa namna hiyo ukimpima tTG-IgA itatoka hasi hata kama utumbo umechakaa kabisa, maana unatafuta kitu ambacho mwili wake hauna uwezo wa kukitengeneza. Ndo maana kipimo sahihi kinaenda na kipimo cha IgA yote kwa jumla, vikichukuliwa kwenye damu ileile. IgA ya jumla ikiwa chini sana, tunahamia kwenye vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, mfano tTG-IgG au DGP-IgG. Rudi waombe IgA ya jumla, hiyo unaweza kupima hata leo, haitegemei unakula nini.

Na kuhusu mdogo wako ni kweli, kisukari aina ya kwanza na siliaki vinatembea pamoja, vyote ni mwili kujishambulia wenyewe na vinachangia baadhi ya jeni. Tezi ya shingo pia iko kwenye kundi hilo.

Mwepesi_wa_moyo

Mimi nina wazo tofauti, kama umeacha ngano na umepona si uendelee tu hivyohivyo? Kuna haja gani ya kujirudisha kwenye maumivu ili karatasi iseme kitu unachokijua tayari? Nasema hivi kwa nia njema dada, afya yako kwanza.

bado_nasimama

Mwepesi_wa_moyo nakuelewa, na mimi nilifikiri hivyohivyo miaka miwili mizima, naomba nieleze kwanini nilibadili mawazo.

Kuna vitu vitatu tofauti vinavyoweza kukuumiza ukila ngano. Kuna siliaki, kuna mzio wa ngano ambao ule unaweza kukuvimbisha mdomo au kukubana pumzi ndani ya dakika chache, na kuna watu ambao ngano inawasumbua tu bila utumbo kuharibika. Vyote vitatu mtu anapata nafuu akiacha, kwahiyo kupata nafuu peke yake hakukuambii una kipi. Na tofauti ni kubwa. Mwenye siliaki ni maisha yote na hata chembe za unga kwenye kisu kilichokata mkate zina madhara, wakati yule wa tatu akionja siku moja moja anaumwa tumbo na yanaisha. Halafu mwenye siliaki anahitaji kufuatiliwa, mifupa ipimwe maana inadhoofika, damu iangaliwe, tezi iangaliwe, ndugu zake wa karibu wapimwe maana kwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja inakadiriwa mmoja kati ya kila 10 anaweza kuwa nao, wakati kwa watu wote kwa ujumla ni kama 1 kwa 100. Bila jina la ugonjwa hivyo vyote hupewi. Mimi mifupa yangu ilikuwa imeshaanza kwisha na nilikuwa na miaka 34, hakuna aliyeiangalia kwasababu kwenye faili langu pameandikwa gesi.

NjiaPanda, nilirudi kula ngano ili nipimwe na sitakudanganya, wiki ya kwanza nililia. Ila fanya kwa mpango, usifanye peke yako, daktari wa tumbo ajue. Kwa kawaida wanataka ule gluteni kila siku kwa wiki 6 hadi 8, na sio nyingi, vipande viwili vitatu vya mkate wa ngano kwa siku vinatosha. Usianze kwa kujilipiza, anza na nusu kipande, kula jioni kama asubuhi una kazi, panda taratibu. Mimi nilimwambia daktari wiki ya tatu kwamba siwezi tena akanivumilisha mpaka ya sita, lakini aliniambia wazi kuwa kama hali ingekuwa mbaya sana angenipima mapema, maana kwa wengine hata wiki mbili utumbo unaanza kuonyesha. Andika kila siku unavyojisikia, hiyo daftari ilinisaidia sana mbele ya daktari. Na kama huwa unabanwa pumzi au kuvimba uso ukila ngano basi USIJARIBU kabisa mpaka upimwe mzio kwanza.

Jambo lingine, na hili linanichoma mpaka leo. Kabla ya hapo nilishawahi kuingizwa ule mpira wenye kamera wakitafuta vidonda vya tumbo, nikaambiwa uko safi. Miaka miwili baadae ndo nikajua kwamba vile vinyama walivyokata vilitoka tumboni tu, kwenye utumbo mwembamba hawakugusa! Kamera ilipita pale pale penye ugonjwa. Na hata ukiangalia kwa kamera utumbo wa siliaki unaweza kuonekana mzuri tu, mpaka kinyama kiwekwe chini ya hadubini. Kwahiyo kabla hujalala kile kitanda uliza, mtachukua vinyama kutoka duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba? vingapi? Wanatakiwa kuchukua angalau 4 kule ndani zaidi ya duodeni na kimoja au viwili pale mwanzoni panapoitwa balbu, kwasababu ugonjwa unakuwa na mabaka, hapa umeharibika hapa mzima. Wakichukua kimoja wanaweza kuangukia pazima.

Kipimo chenyewe sio cha kuogopa kama watu wanavyosema. Unafunga kula tangu usiku, unapuliziwa ganzi kooni au unachomwa dawa ya kukusinziza, dakika 10 hadi 15 wamemaliza, na kule kukata vinyama hukusikii kabisa. Koo linauma kidogo siku hiyo.

babamapacha

Naongezea upande wa watoto kwa wanaosoma uzi huu. Binti yangu alikuwa haongezeki kilo, tumbo kubwa mikono myembamba, alikuwa na miaka minne, amekuwa mkali na analia ovyo, tukawa tunamuona mtukutu kumbe mtoto anaumwa. Yeye hakuingizwa mpira. Kuna mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya wa mwaka 2020 unaosema mtoto akiwa na tTG-IgA iliyozidi kiwango cha juu cha kawaida mara 10 au zaidi, halafu damu ya pili iliyochukuliwa siku nyingine ikaonyesha kingamwili nyingine inayoitwa EMA, anaweza kuthibitishwa bila kukatwa kinyama, kama wazazi na daktari wamekubaliana. Yetu ilikuwa imepita mara 10 kwa mbali. Lakini ile damu ya pili daktari alisisitiza mtoto aendelee kula mkate mpaka siku ya kuchukuliwa, mke wangu alikuwa anamkatia huku machozi yanamtoka.

Alipoacha ngano sasa, ndani ya miezi miwili mitatu ni mtoto mwingine. Anaimba.

pole_pole_tu

Kwa wenye upele unaowasha sana viwikoni, magotini na makalioni, vile vipele vya maji vinavyokuja pande zote mbili, mwambie daktari wa ngozi afikirie siliaki. Kuna upele wake maalum. Ila kinyama kinatakiwa kikatwe kwenye ngozi nzima iliyo pembeni ya kipele, sio kwenye kipele chenyewe. Mimi wangu walikata kipele, kikatoka hakieleweki, nikarudia.

NjiaPanda

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili mbili. bado_nasimama umeniliza. Uso hauvimbi wala pumzi hazibanwi, ni tumbo na uchovu tu. Swali moja la mwisho, nimeona kuna kipimo cha jeni ambacho huhitaji kula ngano, si nifanye hicho tu? Na kuna mtu ananiuzia kipimo cha nywele eti kinaonyesha vyakula vyote vinavyokukataa.

maabara_kila_siku

Cha nywele achana nacho dada, hakina uwezo wa kuonyesha siliaki, tunza hela yako. Hata zile orodha ndefu za IgG za vyakula zinaonyesha tu umekula nini, hazionyeshi kinachokudhuru.

Cha jeni ni cha kweli lakini kina kazi upande mmoja. Kinatafuta jeni mbili zinazoitwa HLA-DQ2 na DQ8. Ukikutwa huna hata kimoja basi siliaki karibu inafutika kabisa na huna haja ya kujitesa na mkate, hiyo ni faida kubwa kwa mtu kama wewe aliyeacha tayari. Ila ukiwa nazo haimaanishi unaumwa, kwenye nchi nyingi watu kama 30 hadi 40 kwenye 100 wanazo na wengi wao hawaumwi maisha yao yote. Kwa mtu mwenye ndugu wa kisukari aina ya kwanza uwezekano wa kuwa nazo ni mkubwa zaidi. Mi ningeanza na IgA ya jumla, kisha jeni kama inapatikana, kisha ndo ule mkate.

NjiaPanda

Narudi kama nilivyoahidi, imepita miezi mitatu na zaidi. IgA ya jumla ilikuwa haipo. Yaani maabara waliandika chini ya kiwango cha kupimika. Daktari mwenyewe alikaa kimya kidogo halafu akaniomba radhi, nikamheshimu sana kwa hilo. Jeni nina DQ2. Nikala mkate wiki 6, wiki ya nne nilitaka kuacha nikawa narudi hapa kusoma ulichoandika bado_nasimama, nakushukuru mno. tTG-IgG ikatoka chanya. Mpira nikaingizwa, niliuliza vinyama vingapi wakaniambia sita, vinne na viwili, majibu yamerudi Marsh 3b, yaani daraja la uharibifu wa utumbo. Nimeelezwa kwamba vile vidole vidogo vya ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula vimelika na kupungua sana, ndo maana madini ya chuma yalikuwa yanapita tu. Wameangalia pia minyoo na dawa nyingine ninazotumia maana wamesema kuna vitu vingine vinaweza kuharibu utumbo vilevile, hakuna.

Nimeacha ngano tena tangu Jumanne, safari hii jumla. Kwakuwa mimi sina IgA wamesema watakuwa wanafuatilia kwa IgG na damu, narudi baada ya miezi sita, na mifupa napima mwezi ujao.

Mdogo wangu nae ameshachukuliwa damu leo asubuhi, vyote viwili, tTG na IgA ya jumla. Alitaka kuacha mkate wiki mbili zilizopita aliponiona naumwa, nikamzuia.

bado_nasimama

Nimesoma nikasimama. Majibu ya mdogo wako yakitoka utuambie.